Pima Lango Kabla ya Kuagiza Kibadilishajoto

Mrija wa futi 20 hauingii kwenye kontena la futi 20. Ukimwambia hivyo mtu wa manunuzi atakucheka, lakini mpe tepu akapime mwenyewe. Mrija wa urefu huo ni mita 6.10, na kontena, ukipima kwa ndani kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ni kama mita 5.9. Zile futi 20 za kontena huhesabiwa kwa nje. Ni kweli, mrija mmoja ukiulaza hanamu utapenya. Tita la mirija 1,200 iliyokwisha kufungwa kwenye mabamba yake halilazwi hanamu.

Kama wewe ni mhandisi wa kiwanda cha sukari, cha mafuta ya kula, cha bia au cha kemikali, na mezani kwako kuna nukuu ya bei kutoka India, China au Italia, mambo ya joto huenda umeshayamaliza: maji yanaingia na nyuzi ngapi, yanatoka na ngapi, mtiririko ni kiasi gani. Watengenezaji wengi wanazijua hesabu hizo vizuri, na hutahangaika sana nazo. Kinachowasumbua wanunuzi wa kwetu ni mwili wenyewe wa chombo: urefu, kipenyo, tani. Mtengenezaji anaweza kukuundia karibu chochote utakachomwomba. Mpaka hauko kwake. Uko kwenye lango jembamba kuliko yote kati ya karakana yake na msingi wako, na uko kwenye nafasi utakayoihitaji kila mara mirija inapochomolewa kusafishwa.

Kwa hiyo pima kinyumenyume. Anzia pale chombo kitakapokaa, utembee kwenda nje mpaka barabarani. Pima mlango wa jengo ukiwa wazi, fremu kwa fremu. Pima kimo cha mabomba yanayokatiza juu ya njia ya kiwanda, maana hayo ndiyo husahaulika. Kila mtu anaangalia nyaya za umeme, hakuna anayeangalia bomba la mvuke lililoongezwa juzi. Pima kona ya ghala ambako trela litageuka. Pima lango kuu. Kisha zitupe namba zote, ubaki na zile ndogo kabisa: upana mmoja, kimo kimoja, urefu mmoja. Hizo tatu ndizo zinazokwenda kwa mtengenezaji, tena ziende kabla hajaanza kuchora, kwa sababu mchoro ukishaidhinishwa kila badiliko ni pesa.

Uzito si namba moja

Muuzaji akikwambia chombo chake ni tani 12, muulize: tani 12 za lini? Kibadilishajoto cha ganda na mirija kina uzito wa aina nne, na kila mmoja una mtu wake anayeuhitaji. Kuna uzito mtupu, anaoutaka mwenye lori na mwenye kreni. Kuna uzito wa kazini, kikiwa na vimiminika vyake. Kuna uzito kikiwa kimejaa maji pomoni pande zote mbili, siku ya jaribio la shinikizo. Huo ndio anaoutaka mjenzi wa msingi. Na kuna uzito wa tita la mirija peke yake, ambao karibu hakuna anayeuulizia mpaka siku litakapokwama.

Tuchukue mfano tuuhesabu pamoja. Ganda lina kipenyo cha ndani cha mita 1, mirija ya chuma ni 1,200, kila mmoja una kipenyo cha nje cha milimita 19.05, unene wa milimita 2.11 na urefu wa mita 6.1. Mita moja ya mrija huo ina karibu gramu 880, kwa hiyo mrija mzima ni kama kilo 5.4, na yote 1,200 ni karibu tani 6 na nusu. Hapo una eneo la kupitisha joto la mita za mraba 438 hivi. Ganda lenye unene wa milimita 12 linaongeza karibu tani 1.8. Ongeza mabamba mawili yanayoshika mirija, visahani vya kuelekeza mtiririko, kichwa cha mbele, kofia ya nyuma, flanji, midomo na miguu. Utafika tani 11 na ushee. Sasa kijaze maji. Ndani ya mirija zinaingia tani 1.3 hivi, kuizunguka ndani ya ganda tani 2.7, na kwenye vichwa nusu tani au zaidi. Chombo kilichopimwa bandarini kwa tani 11 na ushee kinaugandamiza msingi kwa tani 16.

Angalia mizani ilivyoegemea: zaidi ya nusu ya uzito mtupu ni mirija. Ndiyo maana ukitaka kupunguza tani, kubanabana unene wa ganda hakukusaidii sana. Uliza habari za mirija. Unene wake ukishuka kutoka milimita 2.11 hadi 1.65, umepunguza zaidi ya tani moja, ila umepunguza pia miaka ya kuliwa na kutu. Kwa maji ya mto yenye mchanga, mimi nisingekubali biashara hiyo.

Hesabu kama hii, inayokaa nyuma ya bahasha, haimpokonyi mtengenezaji kazi yake. Inakupa uwezo wa kumkamata. Mchoro ukija na tani 8 pale ulipotarajia 11, ama mirija imepunguzwa, ama imefanywa myembamba, ama mtu amesahau kuandika kitu.

Nafasi ya kuchomolea

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa yalipo, na hayaonekani siku ya uzinduzi. Chombo kinafungwa, kinafanya kazi, watu wanapiga picha. Miaka mitatu baadaye mirija imeziba kwa magadi na tope, na tita lote linatakiwa litoke nje likaoshwe kwa maji ya shinikizo. Tita la mita 6.1 linahitaji uwanja wa zaidi ya mita 6.1 mbele ya kichwa, na juu ya hapo mita moja na nusu hivi kwa mashine ya kuvutia na watu wake. Kwa mfano wetu, chombo chenyewe kina urefu wa karibu mita 7 na nusu. Ukijumlisha na uwanja wa kuvutia, umekula mita 15 za sakafu, na hizo za mbele zinatakiwa zibaki tupu maisha yote ya kiwanda.

Kubaki tupu ndiko kugumu. Sakafu tupu kiwandani ni kama kiwanja kisicho na ua: kila anayepita anakiona ni chake. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja ambako mbele ya vibadilishajoto viwili palikuwa pamejengwa stoo ya kemikali, ukuta wa tofali kabisa, mita tatu kutoka kwenye flanji. Aliyeijenga hakuwa na kosa. Hakuna mchoro uliomwambia kwamba pale ni njia. Fundi mkuu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, alilitazama tita, akautazama ukuta, akaniambia: "Kaka, kuchomoka litachomoka. Litaenda wapi?" Ukuta ulibomolewa. Tangu hapo nikipewa kazi ya usanifu, jambo la kwanza ninalodai ni rangi ya njano sakafuni na neno MARUFUKU kwenye mchoro wa mpangilio.

Uzito wa tita nao una mambo yake. Katika mfano wetu, mirija pamoja na mabamba na visahani inakaribia tani 8. Hizo ni tani 8 za likiwa jipya. Ukoga wa milimita moja tu juu ya mita za mraba 438 ni karibu nusu mita ya ujazo, na magadi yaliyoganda yana uzito wa kama mara mbili ya maji, hivyo umeongeza karibu tani moja bila kununua chochote. Na kulivuta si sawa na kulinyanyua: likishashikwa na kutu ndani ya ganda, nguvu ya kulibandua inaweza kupita uzito wake. Ndiyo sababu kiwango cha API 660, kinachotumika kwenye viwanda vya mafuta na gesi, kinataka mguu wa ganda uliofungwa imara uweze kuhimili msukumo wa kwenda mbele ulio sawa na uzito wote wa tita. Msingi uliopigiwa hesabu ya uzito wa kushuka chini peke yake utapasuka siku ya kuvuta.

Wamiliki wengi wa mitambo mikubwa hujiwekea ukomo kwenye maelezo yao ya manunuzi: tita la kuchomoka lisizidi tani 10, au 15, au 20, kufuatana na mashine ya kuvutia inayopatikana karibu. Wewe nawe jiwekee wako. Piga simu kwa wenye vifaa mkoani kwako, uulize mashine kubwa waliyonayo inavuta tani ngapi. Kama jibu ni cheni bloku na vijana kumi, basi tita lako lisifike tani 8. Gawa kazi kwenye vyombo viwili.

Kama vimiminika vyako ni safi, unaweza kuchagua aina ambayo mabamba yake yamechomelewa moja kwa moja kwenye ganda. Hiyo haina tita la kuchomoa. Lakini bado inahitaji nafasi ya brashi: fito za kusugulia ndani ya mirija ni ndefu kama mirija yenyewe, labda ziwe za kuunganisha. Na hita za juisi za viwanda vya sukari, kwa kuwa nyingi husimama wima, nafasi yake ipo juu. Pima dari.

Barabara, meli na mizani

Uzito kwa jumla ndio unaowatisha watu, kumbe kwa chombo cha saizi ya kati hausumbui. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Kinachokamata ni ekseli. Moja yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10, mbili zinazofuatana tani 18, tatu tani 24. Mzigo wa tani 20 ukiuegemeza wote juu ya ekseli tatu za nyuma, ukaongeza na uzito wa trela lenyewe, 24 zimeshapita, ingawa lori zima halijafika hata 40. Utasimamishwa kwenye mizani ya Vigwaza, au ya Mariakani kama umetokea Mombasa, na utaanza kutafuta kreni ya kusogeza chombo mita moja mbele.

Dawa yake ni mchoro unaoonyesha kitovu cha uzito. Kibadilishajoto hakina uzito sawa pande zote. Upande wa kichwa, wenye flanji nene na bamba, ni mzito kuliko mkia. Dereva akikipanga kwa macho atakipanga kati kwa kati, na kati ya macho si kati ya uzito. Dai mtengenezaji apige alama ya rangi kwenye ganda mahali kitovu kilipo. Ni kazi ya dakika tano kwake.

Vipimo ndivyo vikali zaidi. Sakafu ya trela la kawaida iko kimo cha mita moja na nusu kutoka chini, na lobedi hushuka hadi karibu mita moja. Jumlisha kipenyo cha ganda, midomo ya juu na miguu ya chini, kisha linganisha na ile namba yako ndogo ya kimo. Hapa kuna hila inayookoa sentimita nyingi: agiza midomo mirefu ije imefunguliwa, kwa flanji, ifungwe kiwandani kwako. Au chombo kisafirishwe kikiwa kimelazwa ubavu, ilimradi mtengenezaji amekubali kwa maandishi na amekiwekea vibao vya kukishikilia. Mzigo unaotokeza nje ya ubavu wa trela unahitaji kibali maalumu cha wakala wa barabara, TANROADS kwa Tanzania, KeNHA kwa barabara kuu za Kenya, na kibali huja na masharti yake: bendera, gari la kuongoza, kusafiri mchana. Anza kukiomba meli ikiwa bado baharini. Kama mwisho wa safari ni Iringa au Mbeya, mpeleke mtu akazitazame kona za mlima Kitonga akiwa na urefu wa trela mkononi.

Kuhusu kontena, mlango una upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 2.28 hivi; lile la futi 40 lenye kimo kirefu lina kimo cha mlango cha karibu mita 2.58 na urefu wa ndani wa mita 12. Chombo cha mfano wetu kinapita mlangoni bila shida. Shida ni kukiingiza, kwa kuwa kreni haifiki ndani. Kitasukumwa kwenye magogo au mabomba, na kitatolewa hivyo hivyo Dar es Salaam. Tena kimesimama kwenye miguu miwili, kwa hiyo tani zote zinashuka sehemu mbili za sakafu ya mbao. Ni lazima mihimili ya chuma au mbao ngumu iwekwe chini kuutandaza uzito. Kwa chombo cha zaidi ya tani 8 mimi huagiza kontena la paa wazi, au jukwaa lisilo na kuta, na ninalipa tofauti bila kulalamika. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2016 kontena halipandi melini bila uzito wake uliothibitishwa. Muuzaji aliyekudanganya tani ataumbuka bandarini kwao, jambo ambalo kwako ni faida.

Kreni ya kushushia usiichague kwa namba iliyoandikwa ubavuni. Kreni ya tani 50 hunyanyua 50 ikiwa mkono umesimama karibu kabisa na mwili wake. Ukiupeleka mbali mita kumi na kitu, kwa sababu kuna tangi katikati, inabaki na robo au chini ya hapo. Muombe mwenye kreni jedwali lake, mkae mezani, mpime umbali halisi. Ongeza uzito wa minyororo na boriti ya kunyanyulia. Usimruhusu mtu yeyote kunyanyua chombo kwa midomo yake.

Kikubwa kimoja au vidogo viwili

Kuna dari ambayo hata watengenezaji wenyewe wanaiheshimu. Chama cha watengenezaji wa vibadilishajoto vya mirija cha Marekani, TEMA, kilichoanzishwa 1939, kinaandika kanuni ambazo karibu dunia nzima inazifuata, na kanuni hizo zina mipaka: kipenyo cha ndani cha ganda kisizidi milimita 2,540, shinikizo la usanifu lisizidi baa 207 hivi, na kipenyo kikizidishwa kwa shinikizo kisipite kiwango fulani. Kwa ganda la milimita 1,270, kiwango hicho kinafikiwa kwenye baa 138. Nia ilikuwa kuuweka unene wa ganda chini ya milimita 76 na boliti chini ya milimita 102. Kupita hapo kunawezekana, ila umetoka kwenye njia iliyozoeleka, na kila kitu kinapigiwa hesabu upya.

Viwanda vingi vya kwetu havifiki huko. Lakini chini ya dari hiyo kuna mvutano unaopaswa kuujua. Kwa eneo lile lile la joto, chombo chembamba na kirefu ni rahisi kwa bei kuliko kifupi na kinene, kwa sababu kipenyo kikikua, flanji na mabamba hunenepa haraka, na hayo ndiyo yanayokula pesa. Ukimwachia muuzaji uhuru wote atakuletea kirefu. Urefu ukibanwa na uwanja wako, na kipenyo kikabanwa na lango lako, kinachobaki ni kugawanya.

Na kugawanya si hasara kama inavyoonekana kwenye karatasi. Viwili vina flanji nyingi zaidi, valvu nyingi zaidi, na bei inapanda. Lakini kimoja kikizimwa kusafishwa, kingine kinaendelea, hata kama ni kwa nusu ya uzalishaji. Kwa kiwanda cha sukari katikati ya msimu, nusu ya uzalishaji ni tofauti ya miwa kusagwa na miwa kuchachia uwanjani. Wajenzi wa mitambo inayopozwa kwa hewa walishalijua hilo: kondensa za hewa za kituo cha umeme cha Olkaria III, karibu na Naivasha, zimepangwa vitita kwa vitita, kimoja kando ya kingine.

Badala ya chombo cha mirija, kibadilishajoto cha sahani nyembamba zilizobanwa na gasketi kinaweza kukupunguzia tani na nafasi kwa kiasi kikubwa, na sahani zake hubebwa na mtu mmoja au wawili. Gasketi hazipendi moto wala shinikizo kubwa. Ukipita baa 25 au nyuzi 180 usikifikirie. Na kama maji yako yana nyuzinyuzi za miwa au majani, kitaziba kabla ya mwezi.

Sasa rudi kwenye ile nukuu ya bei. Mwandikie muuzaji aongeze kwenye mkataba: urefu wa juu kabisa, upana na kimo wakati wa kusafirishwa, uzito mtupu, wa kazini na wa kujaa maji, uzito wa tita, kitovu cha uzito kikiwa kimepigwa alama kwenye ganda, urefu wa nafasi ya kuchomolea, na asilimia ngapi namba hizo zinaweza kupanda kabla hajakulipa fidia. Mimi huandika asilimia 5 kwa uzito, sifuri kwa vipimo. Akikataa kuziandika, tafuta mwingine.